Kwa Mpwa Anayetaka Kung'arisha Meno

Luzira, Kampala
Agosti

Mpwa wangu,

Mjomba wako amepokea kwa furaha kubwa habari ya kwanjula ya Desemba, yaani sherehe yako ya utambulisho ukweni, na wakwe watarajiwa pale Kitintale wameshaanza kuulizia idadi ya wageni. Lakini mwishoni mwa ujumbe wako kulikuwa na jambo lililomfanya ashike kalamu. Unasema utafika Kampala siku nne kabla ya sherehe, uingie saluni inayotangaza kung'arisha meno kwa saa moja, utoke na meno meupe kama ya kwenye tangazo. Mjomba hakukatazi kutaka meno meupe. Anachotaka ni ujue unanunua nini, kwa sababu meno yako hayana rangi ya kawaida, na siku nne hazitoshi.

Daktari wa meno aliye makini haanzi na dawa. Anaanza kwa kutafuta rangi imetoka wapi. Juu ya jino kuna enameli, ngumu kuliko mfupa na yenye kupitisha mwanga. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ina umanjano. Miaka inavyosogea enameli hulika ikawa nyembamba, na umanjano wa ndani ukazidi kuonekana, ndiyo maana meno ya mstaafu hayafanani na ya kijana hata kama hajawahi kuvuta sigara. Chonge nazo huwa na rangi iliyokolea kuliko meno ya mbele tangu zinapoota, wala huo si uchafu. Kuna rangi nyingine inayokaa juu juu tu: ya chai ya rangi, kahawa, tumbaku, mairungi, au tambuu ya watu wa pwani. Ikishikamana na ukoga ulioganda kuwa ugaga, meno huonekana ya kahawia karibu na fizi. Mwenye hali hiyo huenda akatosheka na kusafishwa meno tu kwenye kiti cha daktari, asihitaji hata tone la dawa ya kung'arisha.

Rangi yako wewe ni ya namna nyingine. Ulilelewa Usa River, kule Arusha, na maji ya miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Ngurdoto hadi Maji ya Chai, yanajulikana kwa floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mtoto akinywa maji yanayopita kiwango hicho miaka ile meno yake ya ukubwani yanapojengeka ndani ya ufizi, kabla hajafika takriban miaka 8, enameli hutoka na mabaka meupe kama chaki. Baada ya meno kuota, mabaka hayo hunyonya rangi na kugeuka kahawia. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi huongeza floraidi nyingine juu ya ile ya maji.

Hili si la Wameru peke yao. Nchini Kenya, watu wa Nakuru na Naivasha wanalijua vizuri. Hapa Uganda, Charles Rwenyonyi wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walilinganisha watoto wa Kisoro, ambako maji yalikuwa na miligramu 2.5 kwa lita, na wa Kasese, ambako yalikuwa na 0.5. Wa Kisoro walikuwa na mabaka zaidi kwa mbali.

Na watu wa mjini wakiyaona meno hayo husema mwenyewe hapigi mswaki. Ni dhuluma. Mjomba alikuona likizo ile ulipokuja Luzira, kila ukicheka mkono unaenda mdomoni. Hukufanya kosa lolote. Ulikunywa maji ya nyumbani kwenu kama kila mtoto. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kimefanya kazi miaka mingi kupunguza floraidi kwa kuchuja maji kupitia mkaa wa mifupa, na ukijaliwa watoto huko, hiyo ndiyo habari ya kufuatilia kabla ya habari za saluni.

Zipo asili nyingine za rangi ambazo daktari atazichunguza. Dawa ya tetrasaiklini ikitumiwa na mjamzito au mtoto mdogo huacha mistari ya kijivu au ya kahawia ndani ya jino. Jino lililogongwa likafa huweza kuwa jeusi peke yake katikati ya wenzake, na hilo hutibiwa kwa ndani baada ya kutibu mzizi. Hapa Uganda kuna pia walioumizwa na desturi ya kuchimbua ebinyo, inayofanana na ile Watanzania wanayoiita kung'oa meno ya plastiki: ufizi wa mtoto mchanga hukatwa ili kutoa kinachodhaniwa kuwa ugonjwa, kumbe ni vichipukizi vya chonge. Jino la ukubwani linalofuata huweza kuota likiwa na kilema. Yote haya, mtu akiyapaka dawa ileile ya saluni, hayatatoa matokeo yaleyale.

Dawa yenyewe inatokana na kemikali ya peroksidi. Haipaki jino rangi nyeupe. Hupenya enameli, na oksijeni yake huvunja chembe zenye rangi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Bill Klusmier, daktari wa kupanga meno huko Arkansas, Marekani, alimpa mgonjwa dawa ya kuponya fizi yenye kabamidi peroksidi aiweke ndani ya kifaa chake cha mdomoni usiku. Fizi zikapona, na meno yakawa meupe zaidi. Mwaka 1989 Van Haywood na Harald Heymann wakaieleza njia hiyo kwenye jarida la kitaalamu, na tangu hapo ikaenea duniani.

Leo mtu huwekewa mbele njia mbili kubwa.

Ya kwanza hufanyika kwenye kiti cha daktari. Daktari hukupeleka karibu na dirisha, kwa sababu taa za chumbani hudanganya, kisha husogeza kando ya jino lako kipimo chenye vijino 16 vya bandia vilivyopewa majina kuanzia A1 hadi D4. Kimoja kitafanana na lako. Jina lake huandikwa na picha hupigwa. Midomo hutanuliwa kwa kifaa cha plastiki, fizi hupakwa utomvu unaogandishwa kwa taa ili zisiguswe na dawa, halafu meno hupakwa jeli ya haidrojeni peroksidi yenye nguvu ya kati ya asilimia 25 na 40. Baada ya robo saa hivi hufyonzwa na kupakwa upya, mara mbili au tatu. Jeli hiyo ikivuja ikagusa ufizi, ufizi hugeuka mweupe palepale na kuwasha. Kwa kawaida hupona ndani ya siku chache, lakini hapo ndipo inapoonekana tofauti ya mkono uliosomea kazi na usiosomea.

Ile taa ya buluu inayowavutia watu kwenye matangazo haina maajabu yanayodaiwa. Tafiti nyingi zilizolinganisha meno yaliyomulikwa na yasiyomulikwa hazikuona faida ya kudumu. Jino lililokaa wazi saa nzima hukauka, na jino kavu huonekana jeupe kuliko lilivyo. Mate yakirudi, sehemu ya weupe huondoka katika siku zinazofuata. Ndiyo maana picha ya kabla na baada inayopigwa dakika ileile haifai kuwa msingi wa kutoa pesa.

Njia ya pili ni ya nyumbani chini ya uangalizi wa daktari, na kwa hali yako mjomba anaiona bora. Daktari huchukua umbo la meno yako, hutengeneza trei nyembamba ya plastiki inayokukaa wewe tu, na kukupa jeli ya kabamidi peroksidi ya asilimia 10. Nguvu yake ni sawa na haidrojeni peroksidi ya asilimia 3.5 hivi. Usiku, baada ya mswaki, unatia kijitone kama punje ya mchele kwenye nafasi ya kila jino la mbele, unavaa, unafuta kilichovuja, unalala. Kwa rangi ya kawaida huchukua wiki mbili hadi nne. Rangi ya floraidi huhitaji muda zaidi, na ya tetrasaiklini huweza kuchukua miezi. Mwisho wa safari, weupe wake haupitwi na ule wa kwenye kiti.

Tegemea ganzi ya meno. Wengi huhisi maji baridi yakichoma, au mchomo wa ghafla unaopita kwenye jino. Huisha siku chache baada ya kupumzisha dawa, na dawa ya meno yenye potasiamu naitreti husaidia. Tegemea pia kwamba jino lililozibwa, kofia ya jino na meno ya bandia havitabadilika rangi hata kidogo, hivyo kama una kizibo cha zamani mbele, kitaachwa nyuma na wenzake. Kizibo kipya kisiwekwe mpaka zipite wiki mbili hivi baada ya dawa, kwa sababu oksijeni iliyobaki ndani ya jino hukizuia kushika vizuri. Weupe nao si wa kudumu. Watu wengi hukaa nao mwaka mmoja hadi mitatu; wakizidisha kahawa na sigara hupungua mapema.

Kwa mabaka ya floraidi kuna jambo la kulijua mapema usije ukatishwa tamaa. Siku za mwanzo yale meupe huweza kung'aa zaidi na kuonekana wazi kuliko mwanzo. Baadaye sehemu nyingine za jino huyafikia na tofauti hupungua. Ya kahawia yakibaki, daktari anaweza kusugua tabaka jembamba mno la juu kwa mchanganyiko wa asidi na unga wa mawe, au kuingiza utomvu maalumu kwenye enameli yenye vitundu ili baka lifichike. Kuvika jino gamba la kauri ni hatua ya mwisho, kwani mara nyingi huhitaji kupunguza enameli ya jino, na enameli ikishakatwa haioti tena. Atakayekutajia gamba la kauri kabla hajakutajia hayo mengine, muulize sababu.

Sasa saluni. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2011 kwamba bidhaa zenye haidrojeni peroksidi zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 zisiuzwe kiholela. Matumizi ya kwanza ya kila awamu yafanywe na daktari wa meno au chini ya usimamizi wake, na walio chini ya miaka 18 wasipewe. Waliifunga hivyo ili mdomo ukaguliwe kwanza, maana dawa ikipakwa kwenye meno yenye matundu huweza kufika kwenye neva. Fundi wa nywele hana kioo cha kukagua gego wala picha ya mionzi. Hapa Uganda madaktari wa meno husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na leseni ya kufanya kazi huhuishwa kila mwaka; kwenu ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Kumwomba mtu akuonyeshe leseni ya mwaka huu si utovu wa adabu.

Ndimu na mkaa wa kusaga navyo uviache. Asidi ya ndimu huyeyusha enameli, na mkaa huikwangua. Weupe unaouona wiki ya kwanza unalipiwa baadaye kwa dentini ya manjano iliyobaki wazi. Mchumba wako naye, kama ana mpango huohuo, asubiri ikiwa ni mjamzito au ananyonyesha.

Basi panga hivi. Mwezi huu huu nenda kwa daktari wa meno Arusha, au hospitali ya KCMC pale Moshi, ukaguliwe na kusafishwa ugaga. Matundu yakiwepo yazibwe kwanza. Septemba uanze trei, Oktoba daktari akuone tena, na katikati ya Novemba uwe umemaliza, rangi ipate muda wa kutulia kabla ya picha za kwanjula. Uliza bei yote kabla hujakaa kitini: ukaguzi, usafi, trei, jeli ya ziada, na marudio. Kama kutabaki jambo la kumalizia, Mulago kuna madaktari wa meno pamoja na walimu wa Makerere wanaowafundisha. Teksi kutoka Luzira hupita Kitintale na Bugolobi mpaka mjini, na mjomba atakusindikiza.

Ukitoka kwa daktari, mtumie mjomba jina la rangi aliloandika, pamoja na orodha ya wageni wa upande wa mama yako, maana wakwe wanaisubiri kabla ya mwisho wa mwezi.

Ni mimi mjomba wako,
Luzira