Njia Ile Ina Wenyewe

Nilipokuwa mtoto, njia inayopanda milimani kutoka Soni kuelekea kijiji alikozaliwa mama yangu ilikuwa kwangu adhabu. Kila likizo nilipelekwa kwa bibi, na kila siku ya gulio nilitwishwa kikapu cha peasi na kuamriwa kumfuata. Yeye alitangulia na mkungu wa ndizi kichwani, hana haraka wala hapumziki. Nikilalamika kwamba shingo inaniuma, alinijibu bila kugeuka kwamba njia haijawahi kumbeba mtu. Mwaka huu nimelipa fedha ili nipite tena katika njia ile ile.

Sikukusudia. Baada ya warsha moja jijini Tanga, wahadhiri wenzangu watatu kutoka Ulaya waliniomba niandamane nao katika matembezi ya siku tatu kwenye Milima ya Usambara. Kampuni moja ilikuwa imewaandalia kila kitu: mwongoza watalii, malazi, chakula cha wenyeji kila mchana na mvinyo wa milimani. Wageni hawa hawakuja kuwatazama simba. Walitaka kutembea taratibu, kuona mabonde, na kula kinacholimwa pale wanapopita. Utalii wa namna hii ni jambo la kawaida katika nchi za mizabibu kama Italia, Ufaransa na Ureno. Kwetu, Lushoto ni miongoni mwa sehemu za mwanzo kuujaribu, tangu miaka ya 1990, vijana wa huko walipoanza kuwaongoza wageni vijijini chini ya mpango wa utalii wa kitamaduni.

Niseme mapema kwamba siupingi. Mgeni anayetembea kwa miguu hununua ndizi kwa mama wa njiani, hulala kijijini na husalimia watu. Anayepita ndani ya gari lenye vioo vyeusi hafanyi lolote kati ya hayo. Ninachotaka kukisimulia ni kile nilichokiona siku ya pili ya safari yetu, kwa sababu kinatuhusu sisi tunaofundisha, ninyi mnaosoma, na wale wanaokaa katika ofisi za umma wakitia saini.

Mwongoza watalii wetu alinipokea mkoba kwa mikono miwili akasema, “Shikamoo, Mwalimu.” Nilimfundisha historia miaka sita iliyopita. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wanaokaa mbele na kuuliza swali linalomlazimisha mhadhiri kurudi maktaba. Tangu ahitimu ametuma maombi ya kazi mpaka akachoka kuyahesabu, akarejea kwao milimani, akajifunza majina ya ndege kwa Kiingereza, na sasa anaishi kwa kuongoza wageni. Sikujua nimpongeze au nimpe pole. Yeye alilitambua hilo, akacheka: “Usihuzunike, Mwalimu. Shahada yako inatembea.”

Na kweli ilitembea. Tulipokuwa tukipanda kuelekea ukingo wa mlima alituhadithia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ungulu na kuingia Usambaa kwa miguu, akawagawia wenyeji nyama ya nguruwe mwitu nao wakampa chakula cha mashambani mwao, hata mwishowe wakamfanya mfalme. Ni kisa ambacho Abdallah bin Hemedi ’lAjjemy alikiandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, na kijana wangu alikisimulia kwa ufasaha ulionifanya nione fahari. Ufalme mzima, alisema, ulianzia kwenye chakula walichopeana mgeni na mwenyeji. Wageni wakafurahi, wakaandika katika madaftari yao.

Tulipofika mahali ambapo bonde lote linafunguka chini ya macho, mwenzetu Mwingereza akaelekeza fimbo yake kwenye miteremko iliyopangwa ngazi kwa ngazi, mistari ya kijani ikifuata umbo la mlima. Akauliza ni nani aliyeyatengeneza matuta mazuri kiasi kile. Kijana akanitazama mara moja, akajibu: “Ni hekima ya wazee wetu. Waliipenda sana ardhi yao.”

Nilinyamaza. Mimi ndiye niliyemfundisha mhadhara wa matuta, na alijua kwamba najua. Historia yake ilikuwa imekoma pale inapoanza kuuma.

Chakula cha mchana kilikuwa kwa bibi mmoja mjane, uani kwake, chini ya mparachichi. Alituandikia ndizi za kupika, maharage, mshunga wenye uchungu unaobaki ulimini, viazi vya kuchemsha, na parachichi zilizoanguka zenyewe. Kampuni ilikuwa imetuma chupa mbili za mvinyo wa Sakharani, shamba la watawa Wabenediktini lililo karibu na Soni. Katika kijitabu cha safari mvinyo huo umeandikwa kuwa ni “kinywaji cha wenyeji”. Bibi, ambaye ni Mwislamu, aliziinua chupa zile kwa ncha za vidole, akaziweka juu ya jiwe mbali na mkeka, akaomba radhi kwa adabu kubwa. Wapo majirani zake Wakristo wanaounywa, na si hoja yangu kwamba mvinyo si halali yao. Lakini hata jina lake lina kisa. Sakharani ndilo jina la utani alilokuwa nalo Tom von Prince, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyempiga Isike huko Tabora mwaka 1893 na kupigana na Mkwawa huko Uhehe, kisha akajipatia shamba katika milima hii hii, mpaka alipouawa katika vita vya Tanga mwezi Novemba 1914. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa maana ya sakarani. Ulevi wenyewe, wanasema, ulikuwa wa vita. Tulikuwa tunakunywa historia bila kuionja.

Mwingereza, ambaye ana tabia njema ya kurudia swali lisilomridhisha, akamuuliza bibi kuhusu matuta. Kijana akatafsiri. Bibi akaweka mwiko chini.

“Mjukuu wangu hajakwambieni?” akauliza. “Mimi nilikuwa mtoto wa kubeba maji. Mzungu wa kilimo na watu wa mfalme walisema kila nyumba ipige matuta, asiyepiga analipa faini, asiye na faini anafungwa. Baba alikuwa kibarua kwenye mkonge huko chini. Kwa hiyo matuta aliyapiga mama. Migomba yetu ikamezwa na majani kwa kukosa mtu. Shamba lenyewe tuliazimwa tu. Mwenye shamba alipoona jasho la mama limezidi, akaogopa kwamba kesho tutasema ni letu. Akalichukua. Tukabaki na kipande cha kando ya mto.”

Kijana hakutafsiri mara moja. Alitazama sahani yake, kisha akanitazama mimi, nami sikumsaidia. Mwishowe akatafsiri, neno kwa neno, na sauti yake ilibadilika, ikawa ile sauti ya darasani niliyoikumbuka. Akaongeza mwenyewe kile ambacho bibi hakukisema: kwamba ule ulikuwa Mpango wa Usambara, ulioanza mwaka 1950 baada ya majaribio ya Mlalo, kwamba wakulima waliupinga mpaka serikali ya kikoloni ikauacha mwaka 1957, kwamba hasira ya matuta ilikuwa miongoni mwa mito iliyomwaga maji yake katika TANU. Nami nikaongeza kwamba Steven Feierman, mwanahistoria aliyeishi na Wasambaa, alieleza jambo lile lile alilolisema bibi: katika nchi ambamo maskini huazima ardhi, kazi ya kudumu juu ya ardhi ile humfanya mwenye nayo aogope kuazimisha. Wataalamu waliokuja na vipimo vya mteremko hawakuwa na kipimo cha ujirani.

“Na haya tunayoyaona leo?” akauliza mgeni.

Bibi akacheka. Haya mengi ni ya juzi, akasema, ya miaka ya 1980, walipokuja watu waliokaa na wanakijiji kwanza. Walileta majani ya guatemala ya kupanda kwenye kingo, udongo ukashikwa na ng’ombe akapata malisho. “Hakuna aliyetupiga faini. Tuliyapanda kwa sababu ng’ombe alikuwa na njaa.”

Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Mlima ni ule ule, mvua ni ile ile, na kusudio la kuzuia mmomonyoko ni lile lile. Mara ya kwanza iliingia amri na watu wakaing’oa. Mara ya pili watu waliulizwa shida yao, na dawa ikapandwa na mikono yao wenyewe. Wasambaa wana usemi, kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kwao hilo lilikuwa jukumu la mtawala na kipimo chake. Sidhani kama kuna somo la utawala bora linaloweza kufundishwa kwa uwazi zaidi ya ule mteremko. Nasi tulitaka kuwauzia wageni mteremko ule kama picha.

Jioni, tulipokuwa tukirudi kwa ukingo wa juu, tulifika kwenye lango. Miaka ya karibuni nyumba moja ya wageni imejengwa pale penye mandhari nzuri kuliko pote, na njia ya bibi yangu, ile ya gulio, sasa inapita ndani ya uzio. Mlinzi alipokea tiketi zetu, akatufungulia. Nyuma yetu alikuwa akija mama mmoja na mzigo wa majani ya ng’ombe kichwani. Alipofika karibu na lango hakusema kitu. Aligeuka kushoto, akashika kijia kipya chenye utelezi kinachozunguka chini ya uzio.

Mwingereza akauliza kwa nini anazunguka. “Njia ni yake,” akajibu kijana, “lango si lake.”

Mgeni akakaa kimya, kisha akatusimulia kwamba kwao, kaskazini mwa Uingereza, mwezi Aprili 1932, mamia ya wafanyakazi wa viwandani walipanda kwa makusudi mlima wa Kinder Scout uliokuwa umefungwa na matajiri kwa ajili ya kuwinda ndege. Vijana watano walifungwa jela. Baada ya vita, mwaka 1949, Bunge lao likapitisha sheria ya hifadhi za taifa na haki ya watu kufika mashambani na milimani. “Likizo yangu ya kutembea,” akasema, “ilinunuliwa na wale waliokwenda jela.” Kisha akatazama tiketi mkononi mwake kana kwamba imemchoma.

Na mimi? Mimi, mjukuu wa mwanamke aliyepita pale na mkungu wa ndizi kichwani, mhadhiri wa historia ya wakulima, nilikuwa na tiketi na nilipita langoni. Nililiona jambo, nikalielewa, nikapita. Naandika haya kwa sababu ya hatua zile chache.

Sasa nawageukia ndugu zangu mlio katika halmashauri. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inazitambua haki za njia, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo haimruhusu mtu kugawa ardhi ya kijiji bila Mkutano Mkuu wa kijiji kuridhia. Je, ni mkutano upi ulioridhia kwamba mwanamke mwenye mzigo azunguke ili mwenye kamera apite? Kabla ya kutoa kibali kingine cha kujenga ukingoni, zichoreni njia za miguu katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, zipewe jina na upana, ili anayetaka kuzifunga ajue anafunga mali ya umma.

Jambo la pili ni la jikoni. Kila mmoja wetu alilipa kwa siku kiasi kinachozidi mshahara wa wiki wa kibarua. Bibi alipokea shilingi elfu tano kwa kila sahani, kuni na maji juu yake, na hakuna karatasi iliyoandikwa. Siku kampuni itakapopata mpishi wa bei nafuu zaidi, atajua kwa kuona wageni wakipita bila kuingia. Mkataba mfupi, unaotaja bei na kushuhudiwa na ofisi ya kijiji, si mzigo kwa kampuni inayojisifu kwa chakula cha wenyeji.

Usiku ule nilimuuliza kijana kwa nini alitudanganya kule juu. Hakuchukia. “Mwalimu,” akasema, “wewe ukisema ukweli unapandishwa cheo. Mimi nikisema ukweli mgeni anahuzunika, akihuzunika anaandika maoni mabaya, na nikipata maoni mabaya mawili sipangiwi safari. Mgeni amenunua mapumziko.” Sikuwa na jibu, na sitaki kujifanya ninalo. Tumewapa vijana elimu ya kusema, kisha tukawaacha katika ajira inayowalipa kwa kunyamaza.

Wiki tatu baadaye alinitumia ujumbe. Anasema siku hizi swali la matuta likiulizwa kule juu hulipeleka kwa bibi, wakati wa chakula, naye hukaa pembeni akitafsiri. Wageni huuliza mengi, na baadhi yao humwachia bibi kitu mkononi. Kampuni imelalamika kwamba chakula cha mchana sasa kinachukua muda mrefu kupita ratiba.

Lango bado lipo.