Kadari Haifuti Dhamana



Ni wepesi kwa ulimi kusema kuwa yaliyotokea yamekwisha andikwa. Tawi likivunja paa, au kijana akianguka mtini, husemwa ni kadari, na mazungumzo yakaishia hapo. Kweli, hakuna litokealo nje ya kadari ya Mola. Lakini Mola huyo huyo, katika Surat An-Nisaa, aya ya 92, ameweka diya hata kwa mwenye kuua kwa kukosea. Asiyekusudia haandikiwi dhambi ya makusudi, ila haki ya aliyedhurika haipotei.

Jambo hili lilitukabili Kiboko, katika kaunti ya Makueni, karibu na Makindu, pale wapitapo wasafiri wa Mombasa na Nairobi. Mto wa hapo huleta kivuli cha migunga katika nchi kavu, na miembe imejaa majumbani. Tuliitwa na jamaa kusuluhisha ugomvi ulioanzia mtini.

Mama mmoja mjane, mzaliwa wa pwani aliyeolewa huko, alikuwa na mwembe mkubwa uliotambaza matawi hadi uani kwa jirani. Alimwita kijana mwenye panga, wakaafikiana ujira mdogo. Kijana akapanda bila kamba. Tawi likapasuka kabla halijakatika, likamsukuma, akaanguka na kuvunjika mguu. Nalo likaponda mabati ya jiko la jirani. Jirani akadai mabati yake. Kijana, baba wa watoto wawili, akawa hana kazi. Mama akasema, "Mimi ujira nimelipa, yaliyobaki ni ya Mungu."

Tulimwuliza kijana kwanza: kazi hii umejifunza kwa nani? Akajibu kuwa hakufundishwa na mtu, ingawa alimwambia mama kuwa yeye ni fundi. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyomo kwa Abu Daud, ametufunza kuwa mwenye kujitia utabibu naye hajulikani kwa elimu hiyo, hudhamini madhara aliyoyaleta. Kipimo hicho chafaa kwa kila fani. Fundi wa miti ajua kuwa tawi kubwa huanzwa kukatwa kidogo kwa chini, kisha kwa juu, mbele zaidi, ili lisipasue gome. Na lililo zito hufungwa kamba likateremshwa taratibu.

Tukamgeukia mama: ulimwona hana kamba? Alimwona, na akamhimiza amalize kabla ya adhuhuri. Basi naye ana fungu lake. Sheria ya nchi haiko mbali na hapo. Sura ya 34 ya Sheria za Kenya humtaka mwenye kukaa mahali awaangalie waingiao kwake wasidhurike; na humpunguzia lawama aliyemkabidhi mtaalamu kazi ya matengenezo, iwapo alichukua hatua za busara kuhakikisha kuwa mtu huyo anaiweza. Kuhakikisha ndiko kulikokosekana.

Jirani alikuwa ameomba mara mbili tawi liondolewe. Fiqhi yetu ya Kishafi humpa haki ya kudai hivyo, maana hewa iliyo juu ya uwanja wake ni yake. Hatukumwona na kosa.

Hatukuwa kadhi, basi hatukuhukumu, tulisuluhisha. Mama akakubali kugharamia matibabu na chakula cha watoto mpaka baba yao asimame. Mabati wakagawana nusu kwa nusu, na fungu la kijana likaahirishwa hadi atakapopona. Jirani naye akasamehe ujira wa kuezeka. Walipopeana mikono, mama akatwambia kwa sauti ya chini, "Sheikh, fundi wa Makindu alitaka elfu sita, nikaona ni nyingi." Hatumlaumu mjane kwa uhaba wake. Lakini gharama ya mguu ule imekwisha pita elfu sita mara kadhaa.

Twayasema haya kwa watu wa pwani, ambao minazi i milangoni mwao na mkwezi huitwa wakati wowote. Kabla hajapanda mtu mti wako, mwulize amefanya wapi kazi kama hiyo, na ukaulize huko. Tazama kamba na vifaa vyake. Waondoe watoto chini ya mti, umjulishe jirani. Palipo na nyaya za umeme, asipande mtu kabla ya kuwaita wenye nyaya. Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi, japo kwa mistari mitatu: kazi gani, ujira gani, na kikiharibika kitu atalipa nani.

Na nyinyi akina mama ambao wana wenu wameajiriwa mashambani, jueni kuwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humlazimu mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake, na dai hupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kijana akiumia, msinyamaze kwa haya wala kwa kuambiwa ni kadari. Subira ni ibada, na kudai haki kwa adabu hakuiharibu.

Twamwomba Allah awahifadhi wote wanaotafuta riziki zao juu ya miti. Wabillahi tawfiq.