Tulitoka Kutafuta Chaja Mji Mkongwe

Kwa wale mliozoea Zanzibar ya hotelini, ile ya Nungwi na bwawa la kuogelea, naomba mwezi huu niwapeleke kwingine. Ni Mji Mkongwe, na ni kwa miguu. Hamhitaji gari, kwani vichochoro vingi vya mle gari haliingii. Ramani nayo iacheni chumbani. Wenyeji wana kanuni yao moja tu: ukipotea, endelea kutembea, mwisho utatokea baharini au utatokea Darajani. Mji umekaa juu ya rasi, na upande ule wa Darajani zamani ulikuwa na mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa. Kwa hiyo kupotea moja kwa moja ni kazi. Kupotea kidogo, hiyo ndiyo raha yenyewe.

Mimi na mume wangu tulivuka kwa boti kutoka Dar Ijumaa moja ya Novemba, mwendo wa saa mbili hivi. Watoto tuliwaacha Tabata kwa bibi yao. Sababu tuliyompa bibi ni kwamba tunakwenda kupumzika. Sababu ya kweli ilikuwa ndani ya begi la mume wangu, kwenye bahasha ya kaki: barua ya uhamisho kwenda Dodoma. Tangu Serikali ianze kuhamia huko mwaka 2016 tumekuwa tukiwaaga marafiki mmoja baada ya mwingine, tunawachangia, tunapiga nao picha. Zamu yetu ikafika. Kazi yangu iko Dar, shule ya watoto iko Dar. Barua ilikaa wiki tatu bila mtu kuizungumzia, na nyumbani kukaingia adabu ya ajabu. "Chai tayari?" "Tayari, ahsante." "Mvua itanyesha leo?" "Huenda, ahsante." Mlioko kwenye ndoa mnaijua adabu ya namna hiyo.

Basi Jumamosi saa tisa alasiri simu yake ikazima, kumbe chaja imebaki Tabata. Tukatoka kuitafuta. Dakika ishirini, tukasema, halafu turudi tulale.

Tulianzia Shangani. Pale kwenye nyumba inayohusishwa na Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, kulikuwa na foleni ya watu wa kupiga picha, tukapita. Mimi ugonjwa wangu ni milango. Ukiitazama vizuri utaona iko ya namna mbili kubwa: ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, na ile yenye tao, ambayo inabeba mkono wa mafundi wa Kihindi. Pembeni mwa fremu utakuta mnyororo uliochongwa ukishuka mpaka chini, na chini kabisa samaki. Mingine ina misumari mikubwa ya shaba yenye ncha. Waongozaji watakwambia huko India misumari hiyo ilikuwa ya kuzuia tembo wasisukume mlango. Zanzibar tembo hayupo, lakini urembo ulikwishapendwa, basi ukabaki.

Waongozaji hao hao, wakikuona uko na mwenzi wako, lazima wakupe habari za Bibi Salme. Huwa wanaisimulia kama filamu ya mapenzi. Binti wa Sultan Said, amezaliwa Mtoni mwaka 1844. Kijana Mjerumani mfanyabiashara, Heinrich Ruete, anakaa nyumba ya jirani, na Salme akiwa juu kwake anaweza kuwaona kina Ruete wakila na kucheka. Mapenzi yanaota, binti anapata mimba, na mwaka 1866 anatoroshwa usiku kwa manowari ya Waingereza mpaka Aden. Wanafunga ndoa huko mwaka uliofuata, anabatizwa Emily, wanakwenda Hamburg. Hapo mwongozaji anafunga kitabu na kupokea bakshishi yake.

Mimi naona wanaishia pale ambapo habari yenyewe inaanza. Mtoto wa kwanza alifariki akiwa bado mchanga. Mwaka 1870 Ruete aliumia kwenye ajali ya tramu akafa, Salme akabaki na watoto watatu wadogo kwenye mji wa baridi ambao si wake. Alirudi Zanzibar mara mbili, mwaka 1885 na 1888, na ndugu zake hawakumfungulia mlango. Alifia Jena, Ujerumani, mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba miaka yote hiyo alikuwa na kifuko cha mchanga wa Zanzibar, akazikwa nacho.

Nilimsimulia mume wangu haya tukiwa tunatembea. Akasema, "Dodoma si Hamburg, mama." Ilikuwa mara ya kwanza neno Dodoma kutamkwa tangu tupande boti. Nikasema ahsante kwa taarifa.

Maduka mawili tuliyoingia hayakuwa na chaja ya simu yake. Tukaelekezwa kushoto, halafu kulia, halafu "hapo hapo mbele", na kwa Mji Mkongwe hapo hapo mbele ni nusu saa. Tukapita nyuma ya Beit al-Ajaib. Jengo hilo Sultan Barghash alilijenga mwaka 1883, na ndilo lililotangulia kuwa na umeme Zanzibar. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Mume wangu, ambaye majengo ni kazi yake, alisimama akalitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama barua yake.

Mvua ya vuli haipigi hodi. Ilitukuta kwenye kichochoro chembamba ambacho mikono miwili inagusa kuta zote. Maji yakaanza kupita katikati kama mto, tukapanda juu ya baraza. Hapo ndipo unajua kwa nini barza zile ndefu za mawe zilijengwa mbele ya nyumba: kiangazi watu wanakaa wanapiga soga na kahawa, mvua ikija zinageuka njia ya kupitia.

"We mwanangu! Mwenye shati la buluu!"

Sauti ilitoka juu, ghorofa ya pili. Kabla hatujamwona mwenyewe tuliliona kapu, linashuka kwa kamba, linazunguka taratibu kwenye mvua.

"Hebu n'tilie boflo mbili hapo dukani. Pesa imo kapuni."

Boflo ndiyo mikate yao. Mume wangu, mtu wa bara, aliitazama ile kamba kama mtu aliyeitwa na malaika. Akachukua noti, akakimbia duka la mkabala, akarudi na mikate chini ya shati, akaitia. Kapu likapanda. Kikapita kitambo. Halafu kapu likashuka tena, likiwa na ufunguo.

"Mnarowa bure hapo. Fungueni wenyewe, miguu yangu haishuki."

Sijui kama Dar ningemfungulia mtu nisiyemjua. Ngazi zilikuwa za mbao, zimesimama wima karibu kama za kwenye mnazi. Bibi alikuwa kwenye chumba kirefu chembamba, na ndoo tatu zinapokea matone. Mume wangu akanieleza baadaye kwamba vyumba vya nyumba hizo vinafanana wembamba kwa sababu upana wake unapimwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, na mkoko haurefuki zaidi ya pale. Bibi alimwonyesha ufa ukutani uliozibwa kwa saruji na kijana fulani. "Mawe haya yamezoea chokaa," alisema. "Chokaa hupumua. Saruji inayaziba pumzi, yanaoza ndani kwa ndani." Mume wangu akakubali kwa kichwa, kwa heshima ambayo wakandarasi wenzake sijaona akiwapa.

Tukapewa kahawa na tende. Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na redio kaseti kubwa ya zamani, na pembeni yake kanda saba zimefungwa kwa leso. Nikauliza kama ni taarabu.

"Huyo ni mume wangu," bibi akasema.

Alikwenda Maskati mwaka 1979 kuendesha lori. Wengi walikwenda Omani miaka ile, kwenye kazi na kwa jamaa waliotangulia. Barua zilikuwa kazi, kwa kuwa wote wawili mkono wao wa kuandika ulikuwa mzito, hivyo wakawa wanatumiana kanda. Yeye anazungumza upande mmoja, anampa msafiri, kanda inafika Unguja. Bibi anasikiliza, anazungumza upande wa pili, anairudisha. "Hizi saba nilikataa kuzirudisha," alisema. "Nikanunua mpya nikampelekea." Redio iliharibika miaka mingi. Mafundi wa siku hizi wanamwambia atupe, watamtilia kwenye simu, na yeye hataki kumpa mtu kanda zake zitoke nje ya mlango.

Nilikwishamjua mume wangu kabla hajanyanyuka. Akaomba kisu cha mezani, akafungua skrubu. Ule mpira wa ndani unaozungusha kanda ulikuwa umeyeyuka kama lami. Akatazama huku na huku, akaomba mpira wa kufungia noti. Bibi akautoa kwenye pochi.

Kwanza ikatoka sauti nzito, ya taratibu mno. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Huyo si yeye. Huyo babu yake!" Mume wangu akaukunja ule mpira mara mbili, akajaribu tena, na safari hii bibi hakucheka. Mwanamume alikuwa anasalimia. Akauliza hali ya mama yake, akataja pesa alizotuma, akataka kujua kama paa limetengenezwa, akasema joto la huko halina mfano. Mambo ya kawaida kabisa. Habari zikaisha, akaaga.

Mume wangu akanyosha mkono kuzima. Bibi akainua kidole. "Nyamazeni. Ndiyo hii."

Kumbe bwana yule alikuwa akimaliza kuzungumza anasahau kuzima. Tukasikia kijiko kinakoroga kwenye gilasi. Gari likapita. Mtu akakohoa, kiti kikalia, akamwita mwenzake kwa mbali. Ilikwenda hivyo dakika nzima, pengine mbili, mvua ya Unguja nje na kijiko cha Maskati ndani, mpaka kanda ikakatika yenyewe kwa mlio.

"Maneno nimeyasahau siku nyingi," bibi alisema. "Haya ndiyo niliyoyawekea."

Alirudi mwaka 1990. Nikasema lazima ilikuwa furaha kubwa. Bibi akamimina kahawa kwanza.

"Mwaka mzima nilikuwa nikimtilia chakula kwenye sahani ya wageni. Sikukusudia. Mkono wenyewe ndio unaokwenda kwenye kabati la wageni. Na yeye akimaliza kula, ananambia ahsante."

Sikumtazama mume wangu. Alikuwa anarudisha skrubu, na skrubu nne zilimchukua muda wa skrubu arobaini.

Nikauliza, kwa kuwa sisi watu wa magazeti hatuna haya, kama anajuta kumruhusu aende. Nilitegemea jibu la kuandika. Bibi akaonyesha dari, ndoo na vyote. "Nyumba hii imesimama kwa pesa ya Maskati. Wanangu wamesoma kwa Maskati. N'taitukanaje?" Akamsukumia mume wangu tende ya mwisho, na habari ikaishia hapo.

Tulitoka maghribi ikiingia. Tukaifuata kanuni ya wenyeji, tukatembea bila kuuliza, na kweli tukatokea baharini, Forodhani. Bustani ile ilifanyiwa ukarabati mkubwa ikafunguliwa tena mwaka 2009, na jioni ndiyo saa yake: moshi wa mishikaki, juisi ya miwa, vijana wakijirusha majini kwa mbwembwe. Msidanganyike na meza za kamba zilizopangwa kwa ajili ya picha, ulizeni bei kwanza. Sisi tulichukua urojo, bakuli mbili, tukakaa ukingoni.

"Siku hizi unaniambia ahsante sana," mume wangu akasema.

"Na wewe."

Basi ndipo tulipoizungumza ile barua, na wala haikuwa kwa upole. Yeye akaleta hesabu ya SGR: treni ya umeme imeanza kazi mwaka 2024, Dar mpaka Dodoma chini ya saa nne, Ijumaa jioni yuko nyumbani. Mimi nikasema hiyo ni nyumba ya wageni yenye reli. Akasema kwa hiyo unataka niache kazi? Nikasema sijasema hivyo. Sauti zilipanda mpaka muuza urojo akajifanya anatafuta pilipili chini ya meza. Tulikula, tukaongeza bakuli ya tatu tukala pamoja. Kufikia saa nne usiku tulikuwa tumekubaliana mawili: ataripoti Januari kama barua inavyotaka, na mimi nitaomba ofisini nifanye kazi nikiwa Dodoma wiki mbili kila mwezi. La tatu, shule ya watoto, lilitushinda.

Ushauri wangu kwa mtakaokwenda: vaeni viatu visivyoteleza, mvua ikinyesha mawe yale yanakuwa kama sabuni. Mabega na magoti yafunikwe, huo ni mji wa watu wenye heshima zao. Na msijaze ratiba.

Chaja hatukuipata mpaka asubuhi, Darajani, na mume wangu aliinunua haraka haraka kwa sababu alikuwa anamfukuzia fundi redio wa jirani kabla hajatoka. Alipata mpira wa saizi inayokaribia. Kuikuta tena nyumba ya bibi kulituchukua saa nzima ya kuzunguka, mpaka tukaiona kamba dirishani. Tukapiga hodi, kapu likashuka, akatia mpira na boflo mbili.

Boti yetu iliondoka saa sita na nusu. Suala la shule tuliendelea nalo mpaka bandarini Dar.