Tulivyotembea Polepole Mjini London



Watu wengi wanaofika London hukimbia. Hukimbia kupiga picha kwenye saa kubwa ya Bunge, hukimbia madukani, hukimbia kushuka kwenye treni za chini ya ardhi. Sisi tulikuwa akina mama wanne wa usharika mmoja, tulioalikwa na usharika rafiki wa huko, na tulikuwa tumeazimia tangu nyumbani kwamba hatutakimbia. Shughuli za usharika zilipokwisha, tulibakiwa na siku tatu. Tuliamua kuzitumia kwa mahali pawili au patatu tu, kwa ajili ya mmoja wetu.

Mwenzetu huyu ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Miaka sita iliyopita alishikwa na homa kali. Homa iliondoka, lakini nguvu hazikurudi. Akifua nguo za watoto leo, keshokutwa hawezi hata kuinua sufuria. Akilala usiku mzima, huamka amechoka kama mtu aliyekesha shambani. Ndugu wengine walisema ni uvivu. Wengine walisema ni mkono wa mtu. Daktari mmoja alimwambia apunguze mawazo. Hatimaye alimpata daktari mwingine aliyempima kwa utaratibu: wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na mengineyo. Hakuna lililoonekana. Ndipo alipomweleza kwamba upo ugonjwa wa uchovu sugu, kwamba Shirika la Afya Duniani liliuweka katika orodha yake ya magonjwa tangu mwaka 1969, na kwamba huwapata wanawake wengi kuliko wanaume.

Kabla ya kuugua alikuwa amejiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili watu wasome wakiwa makwao. Alitamani shahada ya elimu. Tulipokuwa uwanja wa ndege alituambia kwa sauti ya chini, "Jamani, nikirudi nitaandika barua ya kuacha. Mwili umekataa." Hatukuwa na neno la kumjibu.

NG'AMBO YA MTO

Mwenyeji wetu, mama wa Kitanzania aliyeishi Uingereza miaka mingi, alituazimia kiti cha magurudumu cha kanisani kwao. Mwalimu alisita. "Watu wataniona nimepooza, na mimi ninaweza kutembea." Mama yule alicheka kidogo, akamwambia, "Mwanangu, kiti hiki si cha miguu ya leo. Ni cha kesho yako." Mwalimu akakaa.

Tulivuka daraja la Westminster tukimsukuma kwa zamu, Bunge likiwa nyuma yetu na Mto Thames chini yetu, maji yake ya rangi ya udongo. Ng'ambo ya pili ipo Hospitali ya St Thomas'. Katika eneo lake pana jumba dogo la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1989, kwa heshima ya mama ambaye kila muuguzi wa Afrika Mashariki amesoma habari zake: Florence Nightingale.

Sote tulidhani tunazijua habari hizo. Alizaliwa Italia tarehe 12 Mei 1820 kwa wazazi Waingereza matajiri. Mwaka 1837, akiwa na miaka 16, aliandika kwamba Mungu amemwita kumtumikia. Wazazi hawakutaka asikie habari za uuguzi, kwa kuwa siku zile kazi hiyo haikuwa na heshima. Mwaka 1851 alikaa Kaiserswerth, Ujerumani, kwa mashemasi wa kike wa Kilutheri, akajifunza kutunza wagonjwa. Novemba 1854 alifika Scutari, Uturuki, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa vita vya Krimea, ambao wengi wao waliuawa na magonjwa kuliko risasi.

Humo ndani tuliona taa yake. Haifanani na ile ya kwenye picha za vitabuni. Ni taa ya Kituruki ya kukunja, kama kandili ya kitambaa. Tuliona pia bundi wake, Athena, aliyemwokota akiwa kinda huko Athene na kumfuga. Alipokufa walimkausha, na bado anatazama watu kutoka kwenye kabati la kioo. Watoto wa shule walikuwa wakimcheka.

Lakini lililomshika mwenzetu ni sehemu ya habari ambayo vitabu vyetu vya shule huiruka. Mei 1855 Florence alishikwa na homa kali huko Krimea, karibu kufa. Alirudi Uingereza mwaka uliofuata. Agosti 1857 alianguka kabisa, akiwa na miaka 37. Tangu hapo, kwa miaka mingi, alikuwa mtu wa kitandani na wa kochi: moyo kwenda mbio, maumivu ya mgongo, kukosa usingizi, udhaifu usiokwisha. Ziko siku hakuweza kutembea.

Mwalimu alisoma maelezo yale mara mbili. Kisha aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Kwa hiyo mambo yote yale aliyafanya akiwa amelala?"

Mengi yake, ndiyo. Ile taarifa yake juu ya afya ya jeshi la Kiingereza, yenye kurasa zaidi ya 800, ilichapishwa mwaka 1858. Kitabu chake kidogo cha kufundisha akina mama kutunza wagonjwa nyumbani kilitoka mwishoni mwa mwaka 1859. Shule ya wauguzi iliyopewa jina lake ilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas' mwaka 1860, kwa fedha zilizochangwa na wananchi. Aliandika juu ya maji safi na afya nchini India miaka mingi bila kukanyaga India. Barua zake zilizosalia ni zaidi ya elfu kumi.

SIKU YA KULALA

Siku ya pili hatukwenda popote. Wengine wetu tulitamani soko, lakini tulikuwa tumeshakubaliana. Mwalimu alilala chumbani, pazia limefungwa, nasi tulikaa jikoni tukimenya viazi na kuongea kwa sauti ndogo.

Tunalisema hili kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa kuuelewa ugonjwa huu. Uchovu wa kawaida huondoka ukipumzika. Huu sivyo. Mgonjwa akizidisha kazi, hata kazi ya kufikiri au ya kupokea wageni, adhabu huja baadaye, mara nyingi kesho yake au keshokutwa, na huweza kudumu siku au majuma. Kwa hiyo jirani humwona mama sokoni Jumamosi anacheka, asimwone Jumatatu alipolala gizani. Ndiyo maana husemwa vibaya.

Zamani madaktari wengi waliwashauri wagonjwa hawa waongeze mazoezi hatua kwa hatua. Mwaka 2021 miongozo ya tiba ya Uingereza iliacha ushauri huo. Badala yake wagonjwa hufundishwa kukadiria nguvu zao na kuacha kazi kabla ya kuchoka. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana, ingawa maumivu na kukosa usingizi huweza kutibiwa.

Tulimkumbuka Eliya chini ya mretemu, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Nabii aliomba afe. Mungu hakumkemea. Kwanza alimpa usingizi, kisha mkate na maji, kisha usingizi tena, na baadaye tu ndipo alipompa kazi. Mara ngapi sisi akina mama tumeugeuza utaratibu huo, tukamwambia mgonjwa afanye kazi kwanza ndipo astahili kupumzika?

MTAA WA SOUTH STREET

Siku ya tatu asubuhi tulipita Mayfair, karibu na bustani ya Hyde Park. Hapo, katika mtaa wa South Street, Florence aliishi tangu mwaka 1865 mpaka kufa kwake. Nyumba yenyewe ilibomolewa. Kuna jengo jingine lenye kibao cha buluu cha kumbukumbu. Tulisimama pale dakika chache tu. Lakini maisha ya nyumba ile yanastahili kuelezwa, na si kwa sifa peke yake.

Florence alilinda nguvu zake kwa ukali. Wageni walipanga siku na saa, nao walipanda kwake mmoja mmoja. Mawaziri walisubiri. Hata mama yake na dada yake hawakuingia walivyotaka. Alichagua jambo moja na kuyaacha mengine.

Lakini pia alikuwa na yale ambayo wengi wetu hatuna. Baba yake alimpa paundi 500 kila mwaka, nazo siku zile zilikuwa fedha nyingi. Walikuwepo wapishi na watumishi. Hakuwa na mume wala mtoto anayelia usiku. Na walikuwepo watu waliobeba mzigo wake. Shangazi yake, Mai Smith, aliacha mume na watoto wake akakaa kumhudumia. Aliporudi kwa jamaa yake mwaka 1860, Florence alimkasirikia kwa miaka mingi. Rafiki yake Sidney Herbert, mwanasiasa, alikuwa mgonjwa naye. Florence alizidi kumhimiza kazi, na mwaka 1861 Herbert akafa.

Mmoja wetu alisema, "Basi mgonjwa naye aweza kumchosha mwingine." Mwalimu akajibu, "Ni kweli. Mimi nina binti wa miaka kumi na minne. Yeye ndiye anayepika nikiwa nimelala. Sitaki shahada yangu iwe deni lake." Tulinyamaza wote. Tulitambua kwamba hili ndilo lililokuwa likimsumbua, kuliko hata mwili.

KABURI LENYE HERUFI MBILI

Mchana mwenyeji wetu alituendesha hadi East Wellow, kijiji cha Hampshire, kusini ya Uingereza. Kanisa la Mtakatifu Margaret ni dogo, la karne ya 13, na kutani mna picha za rangi zilizofifia za enzi hizo. Nje ni majani mabichi, miti mikubwa, na utulivu. Hapo ndipo alipozikwa Florence. Alikufa tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90. Mwaka 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nishani ya Order of Merit. Taifa lilitaka azikwe Westminster Abbey, pamoja na wakubwa, lakini jamaa zake walikataa kufuatana na matakwa yake. Juu ya jiwe la kaburi la familia yameandikwa herufi F.N. na tarehe mbili tu.

Wengine wetu walimsifu kwa unyenyekevu. Mwalimu aliketi kwenye kiti chake, akaangalia jiwe muda mrefu. Hakulia. Alisema kwamba kama angehesabu tangu homa ya Krimea hadi kufa, mama yule aliishi na mwili wake miaka 55. Hakungoja apone ndipo aanze. Lakini pia hakufanya kila kitu.

Wataalamu hawakuweza kumpima Florence kwa vipimo vya leo. Maoni yenye nguvu, yaliyotolewa na mtafiti David Young mwaka 1995, ni kwamba alikuwa na bruselosi sugu, ugonjwa utokao kwa mifugo, ambao huambukiza hasa kwa maziwa mabichi. Hata hivyo, wagonjwa wa uchovu sugu duniani wameichagua siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, kuwa siku yao ya kukumbukwa. Na hapa pana onyo kwetu wafugaji: chemsheni maziwa, ya ng'ombe na ya mbuzi, kabla ya kumpa mtoto. Homa inayokuja na kuondoka kwa majuma isiitwe malaria tu bila kupimwa.

TULIYORUDI NAYO

Mwalimu hakupona London. Tuliporudi alilala majuma mawili. Barua aliandika, lakini ya namna nyingine: aliomba kupunguza masomo ya mwaka. Sasa husoma dakika ishirini asubuhi, hupumzika, husoma ishirini nyingine, basi. Mumewe alikubali kulipa mama wa kufua mara mbili kwa juma, na binti amerudi kwenye vitabu vyake jioni. Akina mama wa jumuiya wanapika kwake siku za mitihani. Itamchukua miaka mingi, naye anajua.

Mama mpendwa, kama unaishi na uchovu usioisha, usikubali kuambiwa ni uvivu kabla hujapimwa vizuri. Uchovu mwingi una sababu zinazotibika, kama upungufu wa damu, kisukari, au tezi. Andika kila siku umefanya nini na umejisikiaje kesho yake; baada ya mwezi utaona mpaka wako. Kaa unapomenya na unapopiga pasi. Chagua jambo moja ambalo moyo wako hautaki kuliacha, ulipangie saa yako nzuri ya siku, nayo kazi ya nyumba ichukue saa nyingine.

Na kama wewe ni mzima, usimpelekee mgonjwa mahubiri. Mpelekee sufuria ya chakula, umfulie, kisha uondoke mapema ili alale. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba uondolewe, nao haukuondoka, lakini kazi ya Injili iliendelea, kwa sababu Mungu alimpa neema, na pia kwa sababu walikuwepo watu waliomsaidia kuandika, kusafiri na kula. Mungu atujalie tuwe watu hao. Amina.