Mwanga Unaolipa Jani Rangi Yake

Katika mji wetu wa Bukavu nyumba zimebanana juu ya vilima, na nafasi ya kupanda maua nje imekuwa haba. Kwa hiyo wengi wetu tunayatunza ndani, katika vyungu, makopo na ndoo za zamani. Tunayapenda hasa yale ambayo uzuri wake umo katika majani: krotoni yenye manjano na wekundu, koleusi ya zambarau, kaladiumu nyeupe yenye mishipa ya waridi. Wageni husifu rangi hizo, bali ni wachache wanaouliza zinadumishwa na nini.

Sisi tulilazimika kuuliza. Mama yetu mkubwa alipohamia kwetu, alikuja na krotoni moja tu, iliyooteshwa kutoka tawi la mti wa nyumbani kwake. Macho yake yamedhoofika: nyuso zetu anazitambua kwa sauti, lakini wekundu bado anauona. Alitaka chungu kiwe kando ya kitanda chake, mbali na dirisha. Miezi ikapita, na kila jani jipya likatoka kijani na kubaki kijani. Siku moja akatuambia, “Wanangu, ua langu limezimika.”

Tukaanza kujifunza. Ukijani wa jani ni klorofili, inayonasa mwanga ili mmea ujitengenezee chakula. Krotoni ikipata mwanga mwingi, hutengeneza pia rangi nyekundu kwa wingi. Ikikaa gizani, wekundu hupungua na ukijani hutawala. Mbolea haiwezi kushika nafasi ya mwanga. Maji mengi hudhuru zaidi, kwa sababu mmea ulio gizani hunywa kidogo, na mizizi huoza.

Hata hivyo, si kila ua la rangi linataka jua lile lile. Krotoni hufurahia jua la saa kadhaa kila siku. Koleusi nyingi hupauka zikichomwa na jua la mchana. Kaladiumu huungua upesi katika sehemu zake nyeupe, nayo hupendelea mwanga mwingi uliochujwa na pazia jepesi. Jani lililoungua haliponi, tunangoja jingine.

Dirisha nalo lina tabia yake. Sisi tunaokaa karibu na ikweta tunaona jua la adhuhuri likielekea kaskazini mwezi wa Juni, na kusini mwezi wa Desemba. Basi dirisha lenye jua leo laweza kukosa jua baada ya miezi michache. Dirisha la mashariki hupokea jua pole la asubuhi mwaka mzima. La magharibi hupokea jua kali la alasiri.

Tena, macho yetu hutudanganya, kwa kuwa huzoea mwanga hafifu. Kuna kipimo kisicho na gharama: adhuhuri, weka karatasi nyeupe pale chungu kinaposimama, kisha inua mkono juu yake kiasi cha sentimita 30. Kivuli chenye kingo wazi huonyesha mwanga mkali. Kivuli chenye ukungu, mwanga wa wastani. Kisipoonekana, rangi za majani zitafifia. Kando ya kitanda cha mama mkubwa hatukuona kivuli.

Tulikihamishia chungu kwenye dirisha la mashariki polepole, kwa muda wa majuma mawili, tukikisogeza kidogo kidogo ili majani yasiungue. Krotoni haipendi kuhamishwa: ilidondosha majani manne, na mama mkubwa akayahesabu kwa vidole, akinyamaza. Tukafuta vumbi kwenye yaliyobaki kwa kitambaa chenye maji, tukakigeuza chungu kila juma ili upande mmoja usipendelewe. Majani mapya yalitoka ya kijani chenye manjano. Yalipokomaa, mishipa yake ikawa myekundu. Kitanda kikasogezwa pia, kikalifuata ua.

Enyi vijana, mkipewa ua la kutunza, msiulize kwanza litapendeza wapi. Wekeni karatasi, inueni mkono, tazameni kivuli. Rudieni baada ya miezi mitatu, maana jua litakuwa limehama. Upendo usiojua mahitaji ya kile unachokipenda waweza kukiweka karibu nasi, na bado kikafifia mbele ya macho yetu.