"Ni Mawazo Tu"

Kiswahili chetu kina neno moja lililobebeshwa mizigo mingi: mawazo. Mtu akikonda, ni mawazo. Akikosa usingizi, mawazo. Akisema anaungua chini ya chembe cha moyo, ukoo mzima unageuka daktari: "Ana vidonda vya tumbo huyo, anawaza sana."

Shangazi yangu aliishi na hukumu hiyo tangu alipofiwa na mume. Tumbo lilimchoma usiku, likiwa tupu. Akila kidogo tu ameshiba, anacheua, anajaa gesi. Aliacha maharage, akaacha pilipili na ndimu. Kuwaza ndiko alikoshindwa kuacha. Kwa hiyo kila maumivu yaliporudi, lawama ilikuwa yake: mjane asiyejua kumwachia Mungu.

Siku moja akataja, kwa aibu, kwamba choo chake ni cheusi kama lami. Tukamkimbiza hospitali, maana weusi wa namna hiyo huweza kuwa damu. Ilikuwa damu kweli. Kipimo kikaonyesha bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Akaandikiwa antibiotiki za aina mbili na dawa ya kupunguza asidi, siku 14.

Hata madaktari waliwahi kuamini mambo ya mawazo. Mwaka 1984, huko Perth, Australia, Barry Marshall aliwanywa bakteria hao makusudi, tumbo likamvimba kwa ndani. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel.

Wengi huambukizwa utotoni, kwenye nyumba zilizojaa watu na maji safi ya shida, na wengi hawaoni dalili yoyote maisha yao yote. Shangazi alikulia chumba kimoja na ndugu sita. Yaani huenda mdudu alikuwamo tumboni kabla hata hajamjua huyo mume.

Nilipomweleza hayo alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, sikujitakia?"

Hujajitakia, shangazi.

Sisemi huzuni haiumizi mwili, inaumiza. Ila neno "mawazo" lilitupa ruhusa ya kutompeleka hospitali, tena tukamnyima hata haki ya kuomboleza.

Sasa tumbo limepoa, maharage anakula. Bado anamlilia marehemu mumewe, ila siku hizi hakuna anayemkataza.