Uji wa mtoto, msicheze nao

Juzi sistangu alileta gunia la mahindi hapa Kitisuru, zawadi ya shosho kutoka Makueni. Mengine yalikuwa na ukungu. Akasema, "Tusage uji wa mtoto, moto utaua kila kitu."

Zii. Moto unaua ukungu, lakini sumu yake, aflatoksini, inabaki. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 huko Makueni, Kitui na kwingine.

Hata kidogo kidogo kila siku, watafiti wanaihusisha na watoto kudumaa. Na usimpe ng'ombe, wasee: itarudi kwa maziwa.

Tulitupa. Shosho bado amenuna, na namwelewa, alilima mwenyewe. Mwezi huu tunamtumia turubai, aanike yakauke vizuri kabla ya kuweka stoo.